Manifodi ya Inteki kwa V8 ya Zamani: Anzia Kwenye Difu, Umalizie Kwenye Kabureta

Mwenye gari alifungua boneti kwa fahari, na kweli kulikuwa na cha kuonea fahari. Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, injini ya inchi za ujazo 350, alumini inameta kama sufuria mpya, na juu yake kabureta kubwa ya koo nne. Manifodi ya inteki aliyoifunga, yaani ile mirija inayopeleka hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda, ilikuwa ya mashindano. Tukatoka naye kulijaribu. Kwenye taa za kwanza alipokanyaga mafuta gari likakohoa, likasita, kisha likajikokota kama basi lililojaza abiria hadi mlangoni. Lilipofika mizunguko 4,000 kwa dakika ndipo likaamka, lakini tulikuwa tumeshafika kwenye taa nyingine. Difu yake ilikuwa ya 3.08 (propela shafti huzunguka mara 3.08 kwa kila duru moja ya tairi), giaboksi ya otomatiki, konvata (kiungo cha majimaji kati ya injini na giaboksi) ile ile ya kiwandani. Tuliposhusha manifodi ile tukafunga ya kawaida ya ghorofa mbili na kurekebisha kabureta, bila kugusa kitu kingine chochote, lilikuwa gari jingine kabisa.

Kosa lile nimeliona mara nyingi, na linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu fedha zimeshatumika na gari limekuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Watu huchagua manifodi kwa macho, au kwa sifa ya gari la mbio waliloliona. Manifodi huchaguliwa kwa kuanzia nyuma ya gari: matairi, difu, giaboksi, kamshafti (shafti inayofungua valvu), hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu), halafu ndipo unafika juu ya injini. Huo ndio mpangilio nitakaoufuata hapa.

Kwetu mtu akisema V8 akili hukimbilia Land Cruiser. Ninazozungumzia hapa ni V8 za Marekani za zama za magari ya misuli, tangu Pontiac GTO ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970: Chevelle, Camaro, Mustang, Road Runner na wenzao. Mfano wangu mkuu ni bloku ndogo ya Chevrolet, injini iliyoanza mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265 na kufika 350 mwaka 1967, maana ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Mahali ambapo Ford, Chrysler au Pontiac wana mambo yao, nitasema.

Manifodi inafanya nini hasa

Kabureta huchanganya petroli na hewa. Manifodi ndiyo huugawa mchanganyiko huo kwa silinda nane, na ugumu wote uko kwenye kugawa. Petroli ni nzito kuliko hewa. Hewa ikienda polepole, matone ya petroli hudondoka na kuambaa kwenye kuta za mirija. Silinda moja inashiba, nyingine inalala njaa. Kwa hiyo kasi ya hewa ndani ya mirija ndiyo inayoamua kama injini itakuwa tamu kwenye mizunguko ya chini.

Kuna aina mbili unazopaswa kuzijua vizuri. Ya kwanza ni ya ghorofa mbili, ambayo Wamarekani huiita dyuo pleni. Chumba kilicho chini ya kabureta kimekatwa kati kwa ukuta, na kila nusu inalisha silinda nne kwa mirija mirefu inayopishana juu na chini. Silinda zenyewe zimegawanywa kwa hekima. Bloku ndogo ya Chevrolet huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Nusu moja ya manifodi inalisha 1, 4, 6 na 7; nusu nyingine inalisha 8, 3, 5 na 2. Fuatisha kwa kidole utaona: kila silinda inayovuta, inayofuata inavuta kutoka chumba kingine. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Hata 5 na 7, ambazo ni majirani upande mmoja wa injini na huwaka zikifuatana, kila moja ina chumba chake. Ndiyo maana manifodi hizi huvuta vizuri chini, hutulia gari likiwa limesimama, na kabureta hupata mvuto wa wazi unaoiambia itoe petroli kiasi gani.

Ya pili ni ya ukumbi mmoja, yaani singo pleni. Koo zote nne za kabureta zinamwaga kwenye ukumbi ulio wazi, na kutoka hapo mirija minane mifupi na iliyonyooka inashuka kwenye hedi. Kwenye mizunguko ya juu hii ni bora bila ubishi, kwa sababu kila silinda ikivuta inaweza kutumia kabureta nzima badala ya nusu. Kwenye mizunguko 2,000 hewa ndani yake inatembea kivivu, na 5 na 7 zinagombania chumba kimoja.

Zipo nyingine. Taneli ramu, yenye mirija mirefu iliyosimama wima na kabureta mbili juu, ni ya mbio za robo maili. Manifodi za kabureta tatu, kama Tri-Power ya Pontiac GTO hadi mwaka 1966 au ile ya kampuni ya Edelbrock iliyofungwa kwenye injini ya Dodge 440 Six Pack mwaka 1969, ni mali ya kihistoria. Ukiwa unalirudisha gari la namna hiyo katika asili yake huna cha kuchagua. Unatafuta kile kile kilichotoka nacho kiwandani.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo moja la kuweka moyoni. Mwaka 1970 Chevrolet waliuza Chevelle SS yenye injini LS6 ya inchi 454, iliyotangazwa kuwa na nguvufarasi 450. Hakuna gari la barabarani la kampuni ile zama zile lililotangazwa na namba kubwa zaidi. Manifodi yake ilikuwa ya alumini, ya ghorofa mbili, na juu yake kabureta ya Holley ya futi za ujazo 780 kwa dakika. Wale wahandisi walikuwa na uhuru wa kufunga chochote.

Hatua ya kwanza: pata mizunguko ambayo gari lako linaishi

Chukua daftari. Andika kipenyo cha tairi la nyuma kwa inchi, uwiano wa difu, na aina ya giaboksi. Kama hujui difu, nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, toa gia, weka alama ya chaki kwenye propela shafti na kwenye tairi, kisha zungusha tairi duru moja kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Kwa difu ya kufunga, yaani ile inayozungusha matairi yote mawili pamoja, shafti ikizunguka mara tatu na robo tatu hivi ni 3.73. Kama difu ni ya wazi tairi la pili litazunguka kinyume, kwa hiyo mlizuie tairi hilo na zungusha hili duru mbili ili upate jibu lile lile.

Sasa piga hesabu. Kasi kwa kilomita, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 209, gawa kwa kipenyo cha tairi. Jibu ni mizunguko ya injini kwenye gia ya mwisho isiyo na ovadraivu. Kwa tairi la inchi 26 na kasi ya kilomita 100 kwa saa, difu ya 3.08 inakupa takriban 2,475. Difu ya 3.73 inakupa kama 3,000. Difu ya 4.10 inakupa 3,300. Ukifunga giaboksi ya 700R4 yenye ovadraivu ya 0.70, ile 3.73 inashuka hadi 2,100.

Zitazame namba hizo, kisha zilinganishe na zile anazotangaza mtengenezaji. Edelbrock wanasema Performer yao inafaa tangu injini inaponguruma tu hadi 5,500. Performer RPM, ambayo ni ndefu zaidi kwenda juu, ni 1,500 hadi 6,500. Victor Jr., ya ukumbi mmoja, ni 3,500 hadi 8,000. Mwenye ile Chevelle alikuwa akienda kilomita 100 kwa saa barabara kuu na injini yake ilikuwa mizunguko elfu moja chini ya mahali manifodi yake inapoanza kufanya kazi. Mjini, ndiyo kabisa.

Konvata nayo ina neno. Ya kiwandani huruhusu injini ipande hadi kwenye 1,700 au 2,000 kabla ya kushika vizuri. Ukiwa nayo hiyo, usinunue kitu kinachoanza kufanya kazi kwenye 3,500. Mwenye giaboksi ya klachi ana nafasi kubwa kidogo, kwa kuwa anaweza kuipandisha injini kwa mguu wake mwenyewe.

Hatua ya pili: iulize kamshafti

Kila kamshafti ina karatasi yake. Tafuta namba ya muda wa valvu kuwa wazi ikipimwa tapeti inapokuwa imeinuka inchi 0.050. Hiyo ndiyo namba ya kweli. Ile kubwa inayotangazwa kwenye boksi kila kampuni hupima kivyake.

Kwa injini ya 350 mimi hugawa hivi. Chini ya nyuzi 215 (digrii za mzunguko wa kreki), Performer au mfano wake inatosha, na hata manifodi ya chuma ya kiwandani iliyosafishwa vizuri haikuangushi. Kati ya 215 na 235, nunua ndefu ya ghorofa mbili, kundi la Performer RPM. Ukivuka 240, ukawa na kompresheni ya 10.5 kwenda juu, difu ya 4.10 na konvata ya 3,500, basi karibu kwenye ukumbi mmoja, umestahili. Hapo katikati, 235 hadi 240, bado ningebaki na ghorofa mbili kwa gari linalotembea barabarani.

Injini kubwa hustahimili zaidi. Kamshafti inayoifanya 302 itetemeke, kwenye 454 ni ya upole tu, maana kuna inchi nyingi zaidi za kuijaza. Kwa bloku kubwa ongeza nyuzi kumi hivi kwenye mgawanyo wangu.

Hatua ya tatu: hedi, na hapa usiharakishe

Fedha nyingi hupotelea hapa, kwa sababu manifodi mbili zinaweza kufanana kwa mbali kama pacha na moja isikae kabisa.

Bloku ndogo ya Chevrolet za tangu 1955 hadi 1986 zina bolti 12 za manifodi, sita kila upande. Kuanzia 1987 hedi za chuma zikabadilishwa pembe ya bolti za katikati. Manifodi ya zamani itakaa lakini bolti hizo hazitaingia sawasawa, na wapo wanaozilazimisha mpaka wanavunja nyuzi. Kuanzia 1996 zikaja hedi za Vortec, bolti nane tu zilizosimama wima, na matundu marefu zaidi. Hedi za Vortec ni nzuri sana na ni rahisi kupata, kwa hiyo 350 nyingi za magari ya zamani leo zinazo. Ukinunua gari lililokwisha jengwa na mtu mwingine, usiamini maneno. Ondoa kava la valvu usome namba iliyosubiwa kwenye hedi, kisha hesabu bolti.

Bloku kubwa ya Chevrolet ina matundu ya namna mbili: ya yai na ya mstatili. Ukiweka manifodi ya mstatili juu ya hedi ya yai, mchanganyiko unagonga ukingo wa hedi na kurudi. Zaidi ya hapo, bloku za malori za inchi 366 na 427 ni ndefu kwa inchi 0.4 kuliko za magari madogo, na manifodi ya kawaida haiwezi kufika pande zote mbili.

Ford nao wana mtego kama huo. 289 na 302 zina bloku ya urefu wa inchi 8.2, na 351 Windsor ni 9.5. Hedi zinaweza kubadilishana. Manifodi haziwezi, ya 351 ni pana zaidi. 351 Cleveland ni ukoo mwingine kabisa, na ndani yake matundu ya 2V (ya kabureta ya koo mbili) na ya 4V (ya koo nne) yanatofautiana kwa kiasi cha kushangaza. Halafu kuna FE, ukoo mwingine wa injini za Ford, yaani 390, 427 na 428. Kwenye FE manifodi ni pana mno hata pushirodi zinapita ndani yake, na kava za valvu hukaa sehemu juu yake. Ile ya chuma ina uzito wa kilo thelathini na kitu. Mwenye FE akibadili kwenda alumini, mgongo wake utamshukuru kabla hata gari halijawashwa.

Chrysler: 383 na 440 zinafanana sura, lakini 440 ina bloku ndefu zaidi na manifodi yake ni pana. Uzuri wake ni kwamba manifodi hizi hazipitishi maji, na chini yake kuna bati pana linaloziba bonde la injini (nafasi iliyo kati ya safu mbili za silinda) na kufanya kazi ya gasketi. Kwenye bloku ndogo, 318 ya miaka ile ina matundu madogo kuliko 340 na 360. Pontiac yeye ana mkondo wa maji mbele unaoungana na kava la timing. Kuna ringi ya mpira na bolti ndefu inayovuta manifodi mbele. Kaza hiyo kwanza, taratibu, kabla ya bolti za pembeni, la sivyo utakuwa unafuta maji kila wiki.

Ukishajua hedi, linganisha matundu. Njia rahisi ni gasketi. Kwa bloku ndogo ya Chevrolet gasketi inayotumika sana kwenye injini zilizoongezwa nguvu ni Fel-Pro 1205, tundu lake inchi 1.28 kwa 2.09. Iweke juu ya hedi, kisha juu ya manifodi, uone kingo ziko wapi. Tundu la manifodi likiwa dogo kidogo kuliko la hedi, hakuna neno. Likiwa kubwa, ukingo wa hedi unakuwa ngazi mbele ya hewa. Hapo ama upanue tundu la hedi kwa uangalifu, ama utafute manifodi nyingine.

Kama hedi au bloku imewahi kukwanguliwa kwa mashine, hedi zimesogea chini na kukaribiana. Manifodi nayo itahitaji kukwanguliwa, na hesabu hiyo mwachie fundi wa mashine mwenye vipimo vya kazi ile.

Hatua ya nne: kabureta

Watu wengi hununua kubwa kupita kiasi. Hesabu ni hii: inchi za ujazo, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa utakayofika, gawa kwa 3,456. Kwa 350 kwenye 6,000 unapata futi za ujazo 608 kwa dakika, na hiyo ni injini inayojaa asilimia mia. Ya barabarani iliyojengwa vizuri hujaa kama asilimia 85, yaani 516. Kabureta ya 600 inatosha na kubaki. Ya 650 kwa mwenye kamshafti kali. Kwa 440 kwenye 5,500 ni 700 kabla ya kupunguza. Kwa ghorofa mbili unaweza kuongeza kidogo juu ya hesabu, kwa kuwa kila silinda inaona nusu tu ya kabureta.

Angalia pia sura ya koo. Quadrajet ya Rochester, iliyofungwa kwenye magari mengi ya General Motors, ina koo mbili ndogo mbele na mbili kubwa mno nyuma. Holley na Carter nyingi zina koo nne zinazokaribiana kwa ukubwa. Manifodi nyingine zimetobolewa kwa ajili ya zote mbili, nyingine kwa moja tu. Adapta zipo, lakini nyembamba hukata njia ya hewa vibaya; afadhali kununua manifodi inayokubali kabureta uliyonayo. Na Quadrajet yenye afya usiidharau. Koo zake ndogo za mbele ni hazina kwa mtu anayetembea mjini.

Hatua ya tano: boneti

Kabla hujalipa, pima. Performer RPM inainua kabureta kwa karibu inchi moja zaidi ya Performer, na inchi hiyo ndiyo hufanya boneti igome. Bandika madonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha eya klina kilichopo, shusha boneti taratibu mpaka ifunge, ifungue, kisha pima unene uliobaki. Ukitoa nusu inchi kwa ajili ya injini kutikisika kwenye mpira wake, kilichobaki ndicho ulichonacho. Mpira wa injini ukiwa umechoka upande wa kushoto, ongeza tahadhari.

Usijaribu kuokoa nafasi kwa kununua eya klina nyembamba kama sahani. Kifuniko kikikaribia mdomo wa kabureta, hewa inabanwa na faida yote ya manifodi ndefu inapotea. Heri manifodi fupi na eya klina ya inchi tatu.

Mambo madogo yanayokwamisha kazi Jumamosi jioni

Choki. Magari mengi ya miaka ile yana springi ya choki iliyokaa ndani ya shimo kwenye manifodi, ikipata joto la ekzosi. Kama manifodi mpya haina shimo hilo, utahitaji choki ya umeme.

Njia ya joto. Chini ya kabureta hupita gesi ya moto kutoka hedi moja hadi nyingine ili kuipasha manifodi wakati wa baridi. Anayeishi mahali pa joto kama Houston aizibe kwa gasketi iliyozibwa katikati. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli huchemka upesi ndani ya kabureta. Anayeishi mahali pa baridi kama Minneapolis na kuendesha mapema asubuhi aiache wazi. Kwa sababu hiyo hiyo manifodi za aina ya Air-Gap, ambazo mirija yake imeachana na bonde lenye oili ya moto, ni nzuri kwenye joto na hukawia kupata moto kwenye baridi.

Kebo ya giaboksi. Ukiwa na 700R4, kebo yake lazima ivutwe kwa pembe na urefu sahihi kutoka kwenye kabureta. Ikikosewa, giaboksi inaungua. Nunua kishikio kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Halafu kuna bomba la kujazia oili, ambalo kwenye Chevrolet nyingi za mwanzo lilisimama mbele ya manifodi. Bano la altaneta. Kompresa ya kiyoyozi. Tundu la mvuto wa busta ya breki. Mahali pa sensa ya joto. Piga picha za injini yako kabla ya kununua, uziweke kando ya picha za manifodi, uhesabu tundu moja moja.

Ukinunua iliyotumika, leta rula ya chuma iliyonyooka na geji ya kupimia mwanya. Laza rula kwenye nyuso za kukaa hedi uone kama imepinda. Chunguza pembeni mwa njia za maji, alumini huliwa pale kama jino. Jaribu nyuzi za bolti za kabureta kwa mkono. Kama manifodi unayoitoa ndiyo ya asili ya gari adimu, ifunge kwa plastiki uihifadhi hata kama huipendi. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataiulizia.

Kufunga

Mwaga maji mpaka chini ya usawa wa manifodi, chomoa betri. Peleka silinda namba 1 juu kabisa kwenye mpigo wa kompresheni, tia alama mahali rota ya distributa inapoelekea, kisha itoe. Ukishaing'oa manifodi ya zamani, ziba matundu ya hedi na bonde kwa matambara, na uyahesabu. Yaliyoingia matano yatoke matano. Kwangua gasketi ya zamani kwa kisu cha plastiki kama hedi ni alumini, futa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Ijaribu kavu kwanza. Weka gasketi bila gundi, shusha manifodi, tazama kila tundu la bolti likiwa katikati. Ukikuta yote yamepanda au yameshuka kwa kiasi kile kile, hapo ndipo hedi iliyokwanguliwa inapojionyesha.

Ukiridhika, paka silikoni nyembamba kuzunguka njia za maji tu. Mbele na nyuma ya bonde tupa zile gasketi za koki zinazokuja kwenye boksi. Weka ute wa silikoni unene wa milimita 6, ukipanda kidogo kwenye pembe za hedi. Funga vijiti viwili vya nyuzi kwenye pembe ili viongoze. Shusha manifodi moja kwa moja ukiwa na msaidizi, bila kuiburuza. Bolti nyingine za bloku ndogo ya Chevrolet zinatokea ndani ya bonde na hupandisha oili, kwa hiyo paka sili kwenye nyuzi zote.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa duru tatu, ukitumia spana ya kipimo. Kwa bloku ndogo ya kawaida ya bolti 12, futi-pauni 25 hadi 30, sawa na Nm 34 hadi 41. Kwa Vortec ni futi-pauni 11 tu, kama Nm 15. Akizoea mkono wa zamani mtu anaivunja siku ya kwanza. Acha silikoni ikauke usiku mzima. Baada ya kuwasha na kupoa mara mbili tatu, rudia kukaza.

Kusikiliza

Washa, weka timing ya cheche, acha ipate moto. Chomeka geji ya mvuto: kamshafti ya kiasi huonyesha sindano iliyotulia kwenye inchi 15 hivi au zaidi. Ikitetemeka au ikiwa chini isivyo kawaida, tafuta hewa ya wizi. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kando ya maungio, mbali na ekzosi ya moto na cheche; mngurumo ukibadilika, umepata mahali.

Kuna wizi mwingine usioonekana, ule wa chini, ambapo gasketi inavuta mvuke wa oili kutoka bondeni na gari linatoa moshi wa buluu huku watu wakilaumu ringi za pistoni. Chomoa vali ya PCV (ile inayonyonya mvuke wa ndani ya injini) na uzibe bomba lake la mvuto. Ziba matundu yote ya kupumulia kwenye kava za valvu isipokuwa la kujazia oili, na hapo weka kiganja. Injini yenye afya itasukuma kiganja kidogo. Ikikivuta, fungua tena.

Tembea kilomita hamsini, kisha toa plagi zote nane uzipange mezani kwa namba. Silinda moja ikiwa nyeupe peke yake, mara nyingi ni gasketi ya tundu hilo. Na kama ni ghorofa mbili, ukikuta 1, 4, 6 na 7 nyeusi wakati 2, 3, 5 na 8 zina rangi nzuri ya hudhurungi, manifodi iache ilivyo. Shida iko upande mmoja wa kabureta, ule unaolisha ghorofa hiyo; anza na jeti za upande huo.